Kifuko cha Mashine ya Vumbi

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: harufu ya mpira uliopata joto, ya zulia kuukuu, na ya karafuu alizokuwa akitafuna Ma Kulsumu ili kifua kimfunguke. Nilikuwa nimekaa mkekani katika sebule ya Bwana Jaferi, pale Lindi, enzi za Mwingereza, na mapajani nimeshika kifuko cha kitambaa kilichochanika, kikubwa kama mto wa mtoto mchanga. Watu wote waliokuwa mle ndani walikuwa wakinitazama mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mkono wangu wa kushona unasifiwa mtaa mzima, nami nilipenda mno kusifiwa. Hilo la mwisho ndilo lililonifikisha pabaya, na ndilo ninalotaka kukusimulia. Nikisimama kupumzika katikati, nivumilie. Siku hizi hata kusema kunanichosha.

Kwa kuzaliwa mimi ni mtu wa Sudi. Lindi nililetwa na ndoa. Mume wangu alikuwa na kazi bandarini, anatoka kabla hakujapambazuka na kurudi amechoka hana neno, nami mchana kutwa nilikuwa nashona kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo ambazo moja yaweza kukushika mwezi mzima. Kofia zangu nilizipeleka kwenye duka la vitambaa la Bwana Jaferi. Yeye alikuwa Mhindi mwenye haraka, mwenye maneno mengi, lakini si mtu mbaya. Aliyekuwa akizikagua kofia ni mama yake, Ma Kulsumu. Bibi yule alizaliwa Lindi hapo hapo, Kiswahili chake kilikuwa kama changu na chako, na alikuwa amekaa nyuma ya meza ya vitambaa tangu alipoolewa mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu. Alikuwa haangalii kitambaa. Alikishika baina ya dole gumba na kidole cha shahada, akakisugua kidogo, kisha akakwambia ni cha namna gani na kama kimeshafuliwa.

Alikuwa na pumu. Vumbi kidogo tu lingemlaza. Ukifagia chumba cha huko nyuma, yeye huku sebuleni anaanza kuhema, mabega yanapanda na kushuka, midomo inakuwa ya buluu. Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akitafuta pumzi na haioni. Ukiona mara moja hutasahau.

Ndiyo maana mwanawe, aliposikia kwamba kuna Mzungu mmoja wa shamba la mkonge anarudi kwao na anauza vyombo vya nyumba, alikwenda akarudi na mashine ya kuvuta vumbi. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu tayari, imepitia mikono mingi. Ilikuwa kama pipa dogo la bati lililolazwa chini, ina vyuma viwili vya kuteleza sakafuni, mbele ina bomba refu la mpira, na nyuma ina matundu ya kutolea upepo. Ukiiwasha inanguruma kama lori linalopanda kilima. Vumbi linaingia kwa mbele na kubaki ndani ya kifuko cha kitambaa. Upepo unapenya kile kitambaa, unapita kwenye chujio la mviringo lililo mbele ya mota, kisha unatokea kule nyuma ukiwa safi. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Aliyekuwa akiiendesha ni Somoe, binti wa kazi za nyumbani. Kwao Kiranjeranje, njia ya Kilwa. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mitatu au minne, mrefu, mcheshi, ameshachumbiwa na kijana wa kijijini kwao, na alikuja mjini kufanya kazi kidogo kabla ya arusi. Mashine ile aliiita Mlafi, maana ilikula kila kitu, hata vifungo na pini za nywele. Mimi aliniita dada. Nikifika na kofia zangu alinitilia chai, akakaa karibu yangu kutazama mishono, akasema, "Dada Zuhura, utanifundisha lini?" Nami nilikuwa namwahidi.

Basi kifuko kikachanika. Kilikuwa kimezeeka, kitambaa kimekuwa kama karatasi. Bwana Jaferi aliandika barua Dar es Salaam, akajibiwa kwamba mashine za aina ile hazitengenezwi tena wala vifuko vyake havipatikani. Akaniita. Siku ile ninayokwambia, waliokuwa sebuleni walikuwa yeye, mama yake na Somoe, na kifuko kiko mapajani mwangu.

"Unaweza kukishona kingine?" akaniuliza.

Nilikuwa sijawahi kuona kitu cha namna ile maishani mwangu. Nikasema, "Kushona ni kushona tu, Bwana."

Ma Kulsumu akacheka polepole, kwa vile hata kucheka kulimbana. Akasema, "Usimjibu kwa kiburi, mwanangu. Kichukue nyumbani ukitazame kwanza."

Na kweli nilikitazama. Nisijidharau hapa, kifuko changu cha kwanza nilikishona kwa moyo wote. Nilikifumua kile cha zamani mshono kwa mshono, nikakilaza chini kiwe kipimo. Nikanunua marekani nzito, nikaifua mara tatu kwa maji ya moto ili ule ugumu wa kiwandani utoke, maana nilipoiweka mdomoni na kupuliza, upepo haukupita. Ndani nikaitia flaneli, manyoya yake yakitazama upande wa vumbi. Uzi niliupaka nta ili ujaze matundu ya sindano, na pindo nikalikunja mara mbili. Chujio la mviringo nililitengeneza kwa flaneli mbili zilizobana sufi katikati, nikalishona mistari kama godoro la mtoto. Halafu nikajaribu. Nilichukua unga wa muhogo, ule laini kabisa unaobaki chini ya chekeche, nikautia ndani ya kifuko, nikatandika kaniki mpya chini, nikakipiga kifuko kwa kiganja mara hamsini. Kaniki ilibaki nyeusi tii.

Siku Somoe alipoiwasha mashine na kifuko changu ndani, Ma Kulsumu alikuwa amekaa pale pale sebuleni. Siku zote walikuwa wakimtoa nje kwanza. Somoe alipitisha bomba kwenye zulia lote, chini ya viti, pembeni mwa mapazia, na bibi yule amekaa anavuta tasbihi, anapumua kama mimi na wewe. Alipomaliza, Ma Kulsumu alinishika mkono, akaubusu. Mama mzima ananibusu mkono! Nilirudi nyumbani sigusi ardhi.

Lakini kitambaa kizito kina taabu yake. Kila baada ya wiki chache kilijaa vumbi jembamba, mashine ikapoteza nguvu na mota ikapata moto. Ilibidi kifuko kitolewe, kikung'utwe mbali na nyumba, kifuliwe, kikauke siku mbili. Bwana Jaferi hakuwa mtu wa kungoja. "Fundi," alikuwa akiniambia, "kifuko chako kinaikaba mashine."

Ulikuwa ni mwezi wa Ramadhani, Idi inakaribia, na kofia nilizoahidi zilikuwa nyingi kuliko vidole vyangu. Akaniomba kifuko cha pili, cha kubadilishia. Nilikuwa nimechoka, mwanangu, kichwa kinauma kwa njaa na macho yamejaa mchanga. Marekani sikuwa nayo. Nilikuwa na mabaki ya bafta, ile nyepesi ya kofia, nikayaunga. Flaneli sikuitia. Kwenye chujio nikatoa sufi yote, nikaacha kitambaa kitupu. Nikajiambia hiki ni cha muda tu, baada ya Idi nitashona cha kweli. Unga sikuutia. Kaniki sikuitandika. Nilijua vizuri kwa nini sikujaribu: nilijua nitaona nini.

Mashine ilinguruma kama imezaliwa upya. Ilivuta mpaka zulia likawa linanyanyuka sakafuni. Bwana Jaferi alifurahi, akamwita jirani aje aone, akanipigia makofi. "Huyu ndiye fundi! Mzungu mwenyewe hakuwa na kifuko kama hiki!" Nikatabasamu. Ningeweza kusema palepale kwamba kile ni cha haraka tu, wakitumie siku mbili tatu. Nilikuwa na kinywa na nilikuwa na nafasi. Nilitabasamu tu.

Kile kizito cha marekani akasema hakina kazi tena, kikakatwa matambara. Idi ikaja ikapita. Sikushona cha kweli. Kila nikikumbuka, nilijipa sababu.

Siku moja nimekaa na Ma Kulsumu, jua la asubuhi limeingia dirishani, Somoe anapitisha mashine. Nikaona. Nyuma ya ile mashine, kwenye mwali wa jua, ulikuwa unatoka moshi mwembamba, mweupe, kama wa ubani. Haukuwa moshi. Lilikuwa vumbi lililopita kwenye bafta yangu, lile jembamba lisiloonekana kivulini, linamwagwa chumbani palepale alipokaa mgonjwa wa pumu.

Somoe naye aliliona. Akazima mashine, akakifungua kifuniko, akakishika kifuko. Akaniuliza kwa heshima, "Dada, hiki kipya mbona chepesi hivi? Au hakitakiwi kuwa kama kile?"

Nikamjibu, "Wewe shika bomba. Kushona niachie mimi."

Alirudisha kifuniko. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi mbele za watu, nami nikajifanya natunga uzi kwenye sindano.

Tangu siku zile Ma Kulsumu akaanza kubanwa tena. Kwanza usiku, halafu mchana, halafu wakati wote. Daktari akaletwa, akamchoma sindano, akauliza kama nyumba inasafishwa. Bwana Jaferi akapitisha kidole juu ya kioo cha picha ya marehemu baba yake, kidole kikatoka cheupe. Akapitisha juu ya redio. Akapitisha juu ya kabati la vyombo. Kila mahali utando wa vumbi, laini kama poda. Akamwita Somoe.

"Hii mashine unaipitisha, au unaipigisha kelele tu ili tudhani unafanya kazi?"

"Naipitisha, Bwana. Kila siku naipitisha. Vumbi linatoka kwa nyuma, nimeliona. Ni kile kifuko."

Bwana Jaferi akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekuja na kofia mbili, bado zimo kikapuni. "Zuhura, kifuko kina kasoro?"

Nimeyarudia maneno yangu ya siku ile mara nyingi sana katika maisha yangu, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye msala. Nilisema, "Kifuko ni kizima, Bwana."

Somoe hakunitazama. Alitazama mikono yangu. Bwana Jaferi akasema binti mvivu anaweza kuvumiliwa, lakini binti mvivu anayesingizia wengine huku mama wa watu anakosa pumzi, huyo hakai ndani ya nyumba yake. Jioni ile ile Somoe alifunga furushi lake, na kesho yake akapanda lori la Kilwa.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililo baya kuliko yote. Niliogopa. Niliona kwamba Ma Kulsumu atakufa mikononi mwangu. Basi nikanunua marekani, nikanunua flaneli, nikashona kifuko cha kweli kwa siku mbili bila kuinua kichwa, na chujio jipya lenye sufi. Nikaenda kwa Bwana Jaferi, nikasema nimekuja kukifua kifuko. Nikakibadilisha kimya kimya, kile cha bafta nikakificha chini ya kofia kikapuni. Vumbi likakoma. Baada ya wiki mbili Ma Kulsumu alikuwa anakaa mwenyewe kitandani na kuomba uji wa pilipili manga.

Na watu wakasema nini? Wakasema, mmeona? Tangu yule binti aondoke bibi amepona. Bwana Jaferi alilisema hilo dukani kwa kila mteja. Wako waliofika kusema kwamba huenda alikuwa akimtilia bibi kitu kwenye chai. Maneno hayo yakapanda malori pamoja na magunia, yakafika Mchinga, yakafika Kiranjeranje. Mkono wangu ndio uliomponya Ma Kulsumu, na kwa kumponya kimya kimya nikawa nimemthibitishia Somoe kosa langu mimi.

Ma Kulsumu ndiye aliyenikamata. Siku moja ya Jumatatu aliniambia nimletee kifuko, anataka kukishika. Nikamletea. Akakisugua kwa vidole vile vyake, ndani, nje, kwenye pindo. Halafu akasema, "Siku ile ya Ramadhani jirani alipokuja, mwanangu alinipa kifuko nikishike, nikusifu. Kilikuwa bafta. Hiki ni marekani, tena ina flaneli."

Nikakitazama kile kifuko mikononi mwake.

"Nilidhani nimekosea," akasema. "Nilikuwa mgonjwa, nikasema vidole navyo vimezeeka. Umekibadilisha lini?"

"Baada ya Somoe kuondoka, Mama."

"Baada."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alinisubiri nimalize, kisha akaniambia, na sauti yake ilikuwa bado ina mluzi wa ugonjwa: "Kifua hiki nimezaliwa nacho. Kama ningekufa, watu wangesema ni pumu, na wangesema kweli. Yule mtoto hakuzaliwa na jina la mvivu wala la mchawi. Hilo umempa wewe. Mimi umenirudishia pumzi kwa sindano na uzi. Yeye utamrudishia kwa nini? Machozi yako hayafiki Kiranjeranje. Nenda kwanza ukamwambie mwanangu, halafu upande lori."

Nilimwambia Bwana Jaferi mbele ya meza ya duka, wateja wawili wakisikiliza, kwa sababu mama yake alitaka iwe hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu yule wa maneno mengi. Alikaa kwenye kiti akaushika uso kwa mikono miwili. Baadaye akasema, "Mwambie arudi. Mwambie nimekosa." Mume wangu naye nilimwambia. Alinitafutia nafasi kwenye lori lililokuwa linafuata ufuta.

Kiranjeranje nilifika adhuhuri, mgongo umevunjika kwa mabonde ya ile barabara. Somoe nilimkuta uani kwao, anapepeta ufuta na shangazi yake. Amekonda. Aliponiona hakuacha kupepeta. Nikamwamkia shangazi, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, karibu," nikamwomba amwite baba wa nyumba. Mzee Selemani akatoka. Nikakaa chini, nikasema yote: bafta, unga nisioutia, mwali wa jua, swali la Somoe, jibu langu, swali la Bwana, jibu langu. Sikujipunguzia kitu.

Nilipomaliza, Somoe alisema, "Nilikuuliza, dada." Basi. Akaendelea kupepeta. Nimejibiwa mengi katika maisha yangu, nimetukanwa na watu wenye ulimi mkali, na hakuna lililoniingia kama hilo.

Mzee Selemani akakohoa, akasema, "Mwanangu, umefanya vema kuja. Lakini maneno haya tumeyasikia sisi watatu. Yale mengine yamesikiwa na kijiji kizima. Inuka."

Akatangulia mbele, nami nyuma yake. Nyumba kwa nyumba. Kila baraza alisimama, akasalimu, akasema, "Huyu mgeni wa Lindi ana neno," kisha akakaa kimya, nami nikalisema upya. Kwa wanawake kisimani nikalisema. Kwa fundi seremala nikalisema. Sauti ilinikauka, nikawa nasema kwa kunong'ona, na bado mzee anasonga mbele. Wengine walinihurumia, wengine walitema mate. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya kina mchumba wake Somoe.

Mama wa kijana alinipa maji ya kunywa, akanisikiliza. Kisha akasema polepole, "Tungejua. Kijana ameshaoa, mwezi uliopita, Mchinga." Akautazama mlango wa nyumba yake. "Mimi ndiye niliyemsukuma aoe upesi. Nilisema, mwanamke aliyemwua bibi wa watu kwa uvivu atamwua na mwanangu." Bibi wa watu alikuwa hai, lakini kule habari zilifika hivyo. Hakunikaripia. Kama angenikaripia ningepata nafuu.

Somoe alinisindikiza hadi barabarani kungoja lori la kurudi. Akaniuliza, "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anapumua."

"Alhamdulillahi."

Nikamwambia kwamba Bwana amesema amekosa na anamwomba arudi. Akatikisa kichwa. "Nikirudi, kila siku litakapoonekana vumbi mahali, watanitazama mimi kwanza. Hata wasiposema." Akaona lori linakuja, akanishikia kikapu mpaka nilipopanda. Alikuwa na adabu zake, mtoto yule, hata kwangu.

Hakurudi. Ma Kulsumu alimpelekea doti mbili za khanga na salamu ndefu, akazipokea. Miaka ilipita kabla hajaolewa, na aliyemwoa ni mjane mtu mzima mwenye watoto wanne, si yule aliyemchagua kwa moyo wake. Sisemi alikosa raha. Hilo analijua yeye na Mola wake. Nilikutana naye siku moja Lindi, matangani, kila mmoja wetu ameshaanza kuota mvi. Akanipa mkono, akasema, "Hujambo, Bi Zuhura?" Tukaulizana watoto. Alikuwa na uso mkunjufu, hakuna kinyongo nilichokiona. Ila dada hakuniita tena, na mimi sikuwa na haki ya kumwuliza kwa nini.

Mashine ile niliendelea kuishonea vifuko mpaka mota yake ilipoungua. Kila kifuko nilikitia unga mbele ya Bwana Jaferi mwenyewe, juu ya kaniki, nikampa akipige kwa mkono wake. Alikuwa akiniambia, "Zuhura, nakuamini, acha." Nami nilikuwa namjibu, "Usiniamini, Bwana. Tazama."

Nimechoka sasa, mwanangu, acha niseme nililokusudia. Kazi yoyote utakayoifanya, iwe ya sindano au ya kalamu au ya jembe, itafika siku utaifanya vibaya. Utakuwa mgonjwa, au una njaa, au umeahidi watu wengi. Hilo halikuvunjii utu. Angalia tu saa ile mtu atakapokuuliza. Mdogo wako akikuuliza, "Mbona hiki chepesi?" mshukuru, kitazame tena, kwa sababu huenda ndiye aliyeona kabla hujamwumiza mtu. Mkubwa akikuuliza, "Kuna kasoro?" sema ipo. Aibu ya siku ile utaimaliza siku ile. Mimi yangu niliisambaza kwa lori kijiji kizima, na bado ninayo.

Na ukishakosa, usitengeneze kwa siri ukadhani umetubu. Kitengeneze, ndiyo, upesi, kwa sababu mtu anaumia. Lakini mdomo nao ufunguke siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na kifuko kizuri mkononi na uongo mdomoni, na ule uzuri wa kifuko ndio uliommaliza Somoe. Mtafute anayebeba lawama yako, popote alipo, usimtumie salamu, nenda mwenyewe, ukaseme mbele ya wale wale waliosikia la kwanza. Usitarajie kwamba utarudishiwa mlichokuwa nacho. Huenda ukachelewa, kama nilivyochelewa mimi mwezi mmoja. Nenda hivyo hivyo.

Mwenyezi Mungu akulinde na siku ya kusifiwa kwa kitu unachokijua kina kasoro. Akikujaribu kwa siku hiyo, akupe ulimi usiokauka. Akujaalie marafiki wenye ujasiri wa kukuuliza, na masikio ya kuwasikiliza. Kifua chako kiwe kizima, riziki yako iwe ya halali, na jina lako wasilichafue watu, wala wewe usichafue la mwenzio. Nenda salama, mwanangu. Amina.